Muziki wa kutulia urudi redioni hapa Dom: ufungue kituo kizima, uchukue kipindi au uende mtandaoni?

Mbukwenyi wana Dom na wengine wote.

Wiki tatu zilizopita baba mdogo aliniita kwake Kisasa. Nimefika, shikamoo, marahaba, kaa hapo, chai ikaja, afu bila hata kuzunguka akaniuliza hivi na hiki kipande cha mafao yangu kilichobaki mtu anaweza kufungua redio ya miziki ya kutulia tu, hakuna makelele, hakuna watu wanachekana wenyewe hewani, wimbo ukiisha unaingia mwingine basi. Nikadhani ananitania. Kumbe mzee ana daftari kabisa, kaandika na majina ya bendi kwa ile kalamu yake nyekundu ya ofisini. Huyu alihamia huku 2017 na wizara yake kutoka Dar, akastaafu hapahapa, akajenga hapahapa, na lawama yake kubwa kwa Dodoma sio vumbi wala upepo wa mwezi wa saba, ni redio.

Shemeji naye yumo. Ana lodge ya vyumba kumi na nne kule Area D na anataka kitu cha kusikika pale wageni wanapokula. Kwahiyo tukawa watatu, wawili wana hela kidogo na mmoja, yani mimi, nina uzoefu kidogo, nimekaa miaka minne najitolea kama mtangazaji na fundi wa sauti kwenye stesheni moja hapa mjini ambayo sitaitaja. Nimeshawaeleza kwa mdomo mpaka koo limekauka, sasa naweka kwa maandishi maana najua wenye wazo kama hili wako wengi.

Kwanza tuelewane tunaongelea muziki gani, maana hapo tu tulibishana jioni nzima. Daftari la baba mdogo lina Marijani Rajab, zile za polepole za Mbaraka Mwinshehe, Sikinde, Cuban Marimba ya Salim Abdullah, taarab asilia ya Unguja kabla kinanda cha umeme hakijaivamia, afu ghafla unakutana na Jim Reeves na Don Williams na orkestra zisizo na maneno za kina Mantovani na Paul Mauriat. Shemeji anasema hiyo ni orodha ya msiba, yeye anataka bluzi, zile nyimbo laini za mapenzi za miaka ya 80 na 90. Mi nikaongeza ilimba (kile kinanda cha Kigogo cha kupigwa kwa vidole gumba) ya marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyeupeleka muziki wa huku mpaka Ulaya, akafariki 2003, na ukiisikiliza saa nne usiku taa zimezimwa utanielewa. Neno moja la kuvifunika vyote hivyo hatuna. Ukisema zilipendwa unakosea, kuna zilipendwa za kuchezwa mpaka shati linalowa. Kipimo changu mimi ni kimoja, wimbo ukiwa unalia na watu wawili wanaweza kuongea mezani bila kupandisha sauti, huo ni muziki wa kutulia, uwe wa Tabora Jazz uwe wa Texas.

Sasa kabla sijalinganisha lazima niseme kitu ambacho ndio msingi wa yote, na nimekijua kwa kuumia.

Mi nilikuwa na kipindi. Jumapili saa tatu usiku mpaka saa sita. Nilikuwa nacheza nyimbo tatu mpaka nne mfululizo, naongea nusu dakika, narudi kimya. Kile kipindi nilikuwa nakutana nacho mtaani, mlinzi wa benki ananiambia nilikusikia, mama muuza matunda pale Sabasaba ananipa nanasi la bure, kuna dereva wa lori ananisimulia alivyokuwa anakuja na njia ya Morogoro afu masafa yetu yanaanza kuingia kwa mikwaruzo, anajua sasa nyumbani karibu. Lakini meza ya studio ilikuwa inahesabu meseji na simu. Kipindi cha mpira meseji mia mbili, kipindi cha asubuhi cha utani hazihesabiki, changu meseji sita, na mbili kati ya hizo ni za baba mdogo. Siku moja nimekuja na flashi yangu mfukoni nakuta kijana ameshakaa kwenye kiti na hedifoni kichwani, ananiangalia kwa huruma, kaka, kwani hujaambiwa? Sikuwa nimeambiwa. Walikuwa wamepata mdhamini wa kubeti na anataka uchambuzi wa mechi za wikiendi saa hiyohiyo.

Niliwanunia muda mrefu, ila sa hivi nawaelewa. Mtu anayesikiliza muziki laini hapigi simu. Yuko anapiga pasi, anaendesha, anahesabu mauzo, ananyonyesha, yule mlinzi yuko getini. Akipiga simu maana yake umemvuruga. Kwahiyo ukipima redio kwa makelele ya wasikilizaji, muziki wa kutulia lazima uonekane hauna mtu, hata kama nusu ya mji imeuwasha.

Na hili sio la kwetu tu. Marekani huu muziki ulikuwa biashara nzito miaka ya 60 na 70. Ilianza hivi, katikati ya miaka ya 60 mamlaka yao ya mawasiliano iliwaambia wenye stesheni za AM na FM kwenye miji mikubwa waache kurusha kitu kilekile pande zote mbili, sasa mtu una FM tupu unaijaza na nini kwa bei rahisi? Wakaleta mikanda mikubwa ya orkestra iliyorekodiwa tayari, mashine inajiendesha, mtangazaji anasikika kwa nadra. Na ikalipa, maana kule wasikilizaji walikuwa wanapimwa kwa daftari, mtu anaandika amesikiliza stesheni gani kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi, hesabu inaenda kwa robo saa. Yule mtu kimya anayewasha redio asubuhi na kuizima jioni akawa ndio mfalme, ana robo saa kibao. Mwaka 1968 mpaka kipande cha bila maneno cha orkestra ya Paul Mauriat kikakaa namba moja Marekani wiki tano. Kilichouua baadae ni umri, watangazaji wa biashara wakasema hatulipii watu wa miaka 55 kwenda juu, na mpaka kufika miaka ya 90 stesheni nyingi za aina hiyo zilikuwa zimegeuzwa kitu kingine.

Kwahiyo kila njia nitakayoitaja hapa chini jiulizeni swali moja tu, je kwenye njia hii yule msikilizaji aliye kimya anahesabika?

Tuanze na ndoto ya baba mdogo, kituo kizima cha FM.

Uzuri wake sitaki kuuficha. FM inamfikia kila mtu bila bando. Bajaji ina redio, simu ya kitochi ina redio, genge la chipsi lina redio ya betri. Ukiwa na masafa yako hakuna wa kukutoa kwenye kiti. Na Dom imekua, jiji tangu Aprili 2018, sensa ya 2022 imekuta watu zaidi ya 760,000 kwenye halmashauri ya jiji peke yake, kuna watumishi kule Mtumba kwenye mji wa serikali, kuna wanafunzi wa UDOM, kuna wabunge na msafara wao wote. Zamani ungesema hapa hakuna mji wa kutosha kulisha redio ya aina moja, leo huwezi kusema hivyo kirahisi.

Ila gharama jamani. Leseni za TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ni mbili ujue, kuna ya maudhui na kuna ya masafa yenyewe, na zote zinalipiwa kila mwaka ucheze Mantovani ucheze singeli. Kuna mirabaha ya wasanii, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na sio ya kuchezea. Kuna mnara, na hapa watu wanadanganywa sana na mafundi wa njaa, wanauziwa transmita ya wati nyingi wakati FM inakwenda kwa kuonana, vilima vyetu hivi na majabali vinakata mawimbi, antena ikiwa juu inakusaidia kuliko wati ulizorundika bondeni. Hapo bado jenereta, mtu wa zamu usiku, luku, na kompyuta ya akiba maana ya kwanza itakufa siku ya Ijumaa Kuu.

Lakini hata ukiweza vyote hivyo tatizo linabaki palepale, matangazo. Sa hivi wanaolipa vizuri redioni ni kubeti, simu na bia, na matangazo yao yametengenezwa kwa kupiga kelele. We fikiria Don Williams anamaliza ule mstari wake wa mwisho kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu mtoto asiamke, afu SHINDAAA MAMILIONI! Msikilizaji wako kazima, na hatakuandikia meseji kukwambia kazima. Ukikataa hayo matangazo unakufa njaa, ukiyakubali umeua kitu ulichofungulia kituo. Ili ushinde hapo lazima uwe na mtu wa kwenda mlango kwa mlango kutafuta watangazaji watulivu, wenye viwanja vilivyopimwa (hao huku wamejaa na wateja wao ndio haohao watu wazima), kliniki za macho, bima, wauza magodoro, wenye mvinyo wa zabibu zetu, na uwarekodie matangazo yao wewe mwenyewe kwa sauti ya chini. Inawezekana. Lakini hiyo ni kazi ya miaka miwili ya kula hasara kwanza, na msikilizaji kimya hapa hahesabiki kabisa mpaka utakapoweza kumlipa mtu wa kufanya utafiti.

Nikamwambia baba mdogo, baba hii hela yako itaisha kabla wimbo wa kwanza haujazoeleka. Akanyamaza, akakoroga chai ambayo haina sukari.

Njia ya pili ni kipindi kwenye stesheni ambayo ipo tayari. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye mchezo wote.

Kipindi kina sura mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ile yangu, unajitolea, kipindi ni mali ya stesheni, wewe ni mgeni. Haikugharimu kitu ila nauli, na kutolewa hakuwagharimu kitu wao. Ya pili unanunua muda. Unalipia saa zako kwa mkataba, miezi mitatu au sita, unaleta mdhamini wako mwenyewe, matangazo ya ndani ya kipindi unayachagua wewe. Watu wa dini na waganga wa tiba mbadala wanafanya hivi miaka yote, sioni kwanini watu wa muziki tunaona aibu.

Tukilinganisha hizo mbili, kujitolea kunafaa kama wewe ni kijana unataka kujifunza kazi, au huna mtaji kabisa na unataka kujua kama sauti yako inavumilika. Kununua muda kunafaa kama mna hela kidogo kama sisi na hamtaki kuamka kukuta kijana kwenye kiti. Ila someni mkataba. Hakikisheni imeandikwa kwamba saa yenu haihamishwi kwasababu kuna mechi, maana siku ya dabi ya Simba na Yanga hakuna mkataba wa mdomo unaosimama. Na iandikwe kwamba tangazo la stesheni haliingii katikati ya nyimbo zenu, likae mwanzo au mwisho.

Saa nayo ni jambo la kupigania. Watu wote wanakimbilia asubuhi na jioni wakati foleni, na ndio bei kubwa. Muziki wa kutulia hauhitaji hiyo. Saa zake nilizoziona kwa macho yangu ni tatu. Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka kumi na moja, watu wametoka kanisani, wamekula, nyumba imetulia, wanaogesha watoto kwa ajili ya shule kesho. Ya pili ni usiku wa saa tatu kuendelea, hapo una walinzi, manesi, madereva, wapika mikate na wenye usingizi mgumu. Na ya tatu, ambayo hakuna anayeitaka na mi naona ndio dhahabu, ni siku za kazi saa nne asubuhi mpaka saa sita. Maofisini kuna redio ndogo juu ya kabati inalia toka asubuhi, saluni zinalia, maduka ya dawa, maduka ya vitambaa kule Majengo, fundi cherehani, na hawa wote wanataka kitu kisichowapigia kelele mbele ya mteja. Hapo bei ya muda ni ndogo na ushindani ni mdogo, wengi wanaweka marudio.

Afu uendeshaji wenyewe, hapa ndipo vipindi vingi vya zilipendwa vinapojiua bila kuuliwa. Mtangazaji anaongea juu ya wimbo. Anaingilia kipande cha gita, kipande ambacho mtu amekisubiri miaka thelathini, kumtajia ndugu na jamaa wa Chang'ombe wanaosikiliza. Afu ile jingo (kisauti cha kutambulisha kipindi) ya mwangwi kama bomu, jina la dijei mara tatu. Kama unataka kurudisha huu muziki rudisha na adabu yake, mwache mwimbaji amalize sentensi. Sisi jingo tumeamua iwe ilimba tupu, sekunde nne, bila neno. Wenye umri mtakumbuka zile ngoma za mzee Moris Nyunyusa kabla ya taarifa ya habari ya RTD, ile Redio Tanzania Dar es Salaam ya zamani, mzee haoni lakini anapiga ngoma peke yake kama jeshi, na nchi nzima ilikuwa inajua sa hivi ni habari bila mtu kupiga ukelele.

Nyimbo zipangwe kwa upole pia, usitoe rumba ya dakika tisa ukatumbukiza kinubi. Na sauti zisawazishwe, kanda za zamani za RTD zimerekodiwa chini sana ukilinganisha na bluzi ya miaka ya 90, usiposawazisha kabla mama wa watu atakuwa anasimama kila baada ya dakika nne kupunguza na kuongeza, na hapo umeshampoteza. Mi kila wimbo naupitisha kwenye kompyuta kwanza, naupandisha au kuushusha mpaka zote zinakaa usawa mmoja. Kazi ya kuchosha kweli, siku nzima unapata nyimbo arobaini.

Ubaya wa kipindi unabaki mmoja tu wa maana, bado uko nyumba ya kupanga. Na ile hesabu ya meseji bado inakusubiri kwenye kikao chao.

Njia ya tatu, mtandaoni. Vijana mliosoma mpaka hapa najua mlikuwa mnaisubiri hii mseme mzee mbona ni rahisi, fungua strimu yako uachane na minara. Ni kweli ni rahisi kuianza, kompyuta moja, intaneti ya uhakika, malipo ya kila mwezi kwa mwenye seva. Ila tangu 2018 kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni na zimebadilishwa mara kadhaa, kwahiyo kabla hujawasha chochote nenda ofisi za TCRA uulize aina yako inaangukia wapi, usisikilize mtu wa kwenye grupu la Whatsapp. Na mirabaha iko palepale, mtandao sio shamba la bibi.

Tatizo lake kwa hapa kwetu ni bando. Nilipiga hesabu mbele ya shemeji kwenye kikokotoo. Strimu ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo kwa muziki huu inasikika vizuri tu, inakula karibu megabaiti 29 kwa saa. Saluni inakaa wazi masaa nane ya kazi, ni kama 230 kwa siku, siku ishirini na sita za mwezi ni karibu gigabaiti 6. Ukishusha mpaka kilobiti 32 kwa ule mfumo mpya wa kubana sauti unapata gigabaiti 3 na bado violini hazijageuka kuwa mbu. Sasa mwambie dada wa saluni wa Nkuhungu akanunue gigabaiti kwa ajili ya Cuban Marimba wakati redio ya bure ipo. Hanunui. Atakayenunua ni ofisi yenye waifai, lodge, mgahawa, na Mtanzania aliyeko nje anayekumbuka nyumbani. Hao ni wachache lakini wana hela, na mdhamini wa viwanja anawapenda sana hasa huyo wa nje.

Ila strimu ina kitu kimoja ambacho FM ya hapa haina, inahesabu watu walio kimya. Unafungua ukurasa wako unaona sa hivi wako 43, huyu amekaa saa mbili na dakika kumi, huyu alitoka wimbo wa tatu. Hajatuma meseji, hajapenda chochote, lakini yupo na namba yake unaiona. Hii ndio daftari la Marekani la miaka ya 60 limerudi kwa mlango wa nyuma! Mtu wa matangazo ukimwonyesha hiyo karatasi hawezi kukwambia huna wasikilizaji.

Na wapo waliofanikiwa kwa kuanzia upande huu. Uingereza Februari 2021 watu wawili wakongwe wa redio walianzisha Boom Radio kwa ajili ya wazee waliozaliwa baada ya vita kuu ya pili, wale ambao stesheni kubwa zilianza kuwaona wamechakaa. Hawakuanza na mnara wa FM, walienda kwenye redio ya dijitali na mtandaoni, na watangazaji wao wanatangazia majumbani kwao. Mpaka leo wapo. Mazingira yetu sio ya Uingereza kwahiyo usinakili kila kitu, lakini hilo la kutangazia nyumbani nimelichukua kama lilivyo.

Kuna na njia ya nne ambayo sio redio, nitaitaja haraka kwa ajili ya wenye lodge na migahawa. Flashi kwenye spika. Shemeji alikuwa nayo, nyimbo 180, inajirudia. Wakati wa bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, pale kwake wageni wanakaa wiki hata sita, kuna mama mmoja mtu wa heshima zake akamwita mhudumu asubuhi wakati anapaka siagi mkate, akamwambia kwa upole kabisa mwanangu, huyu anayelia hapa alilia jana nikiwa napaka siagi hivihivi. Shemeji akaona aibu mpaka leo anaisimulia. Flashi inafaa kwa wageni wa usiku mmoja. Kwa mteja wa kukaa, au hata kwa wafanyakazi wako wanaoisikiliza kila siku ya Mungu, ni adhabu. Na usidhani ukitumia flashi umekwepa mirabaha, sehemu ya biashara ukipigia wateja muziki inakuhusu.

Sasa uchague nini? Inategemea we ni nani, sitaki kudanganya kwamba kuna jibu moja. Kama una mtaji mkubwa, una biashara nyingine inayokulisha, na uko tayari kula hasara huku ukizunguka kutafuta watangazaji wasiopiga kelele, fungua kituo, na Dodoma sasa hivi ni mji mzuri kuliko Dar kwa hilo maana Dar masafa yamebanana na bei ya matangazo inapiganiwa na majitu. Kama we ni mstaafu na hela ni ya mafao, usiguse kituo, nasema tena usiguse. Nunua muda, saa nne mpaka saa sita asubuhi, mkataba wa miezi mitatu, angalia. Kama wasikilizaji unaowalenga wako maofisini na ughaibuni anzia mtandaoni. Kama we ni kijana una sauti nzuri na huna senti, kajitolee, lakini jua wakati wowote unaweza kukuta mtu kwenye kiti.

Wenyewe tumeamua kuchanganya ya pili na ya tatu. Tunanunua muda wa FM mara tatu kwa wiki asubuhi, kipindi kilekile kinaenda mtandaoni siku nzima kwa zamu, na pale dining kwa shemeji na kwa jirani zake wawili inawashwa strimu badala ya flashi, waifai tayari wanailipia kwa ajili ya wageni. FM inamfikia dada wa saluni, strimu inatuhesabia. Baada ya miezi mitatu tukienda kwa mwenye viwanja tutakuwa na karatasi mkononi, sio meseji sita. Inaweza ikafa hii, sitaki kuapa. Mdhamini wa kwanza tuliyemfuata alisikiliza sampuli dakika mbili akasema nzuri sana ila haina msisimko, nikamwambia mzee ndio bidhaa yenyewe hiyo, akacheka, hajasaini.

Baba mdogo bado hajakubali sana, anaona tumemkata ndoto yake vipande vipande. Ila juzi nimemkuta kwenye store ya lodge, shati amekunja mikono, anamsaidia shemeji kusimamisha magodoro ya akiba ukutani kuua mwangwi. Ameshajichagulia kiti. Jumapili tunarekodi kipindi cha majaribio na amesema yeye ndiye atakayesoma majina ya bendi, kwasababu sisi vijana, anasema, tunayatamka kama tunaita teksi.